Pigo Halipotei, Linahama: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Shokapu za Bodaboda, Arua hadi Koboko

Masharti haya ni ya dereva wa bodaboda, fundi wake na mwenye pikipiki, wote wanaofanya kazi kati ya Arua na Koboko na kwenye njia za udongo zinazochepuka kwenda Terego, Maracha, Yumbe na mpakani mwa Kongo. Foku ya mbele na shokapu za nyuma ndizo zinazoilazimisha tairi ibaki chini, na tairi isiyogusa ardhi haishiki breki wala haikati kona. Anayedhani vifaa hivi vimewekwa ili abiria akae kwa raha hajakijua chombo anachokiendesha.

Kanuni ni moja, na kila sharti hapa chini limetoka humo. Pigo la shimo halipotei, linahama. Shokapu ikilikataa, linaingia kwenye fremu. Fremu ikiwa imekazwa kwa vyuma vya kuchomelea, linahamia kwenye bolti, rimu na spoki. Huko nako likikosa pa kuishia, linamfikia mama uliyempakia nyuma, kwenye uti wa mgongo. Kazi yako ni kuhakikisha linaishia kwenye springi na oili, mahali palipotengenezwa kwa ajili yake.

UNAPONUNUA

Usinunue shokapu kwa sura. Springi nyekundu, kichupa cha rangi ya dhahabu ubavuni, stika yenye mistari iliyosukana kama nyuzi za kaboni: hayo ni mapambo. Kaboni ya kweli ni nyuzi zilizofumwa na kushikanishwa kwa gundi ngumu, na hutumiwa kwenye magari ya mashindano kwa sababu ni nyepesi na haipindi. Stika haina wepesi huo wala ugumu huo. Kichupa nacho, kwenye shokapu halisi, hubeba gesi na oili ya akiba ili kazi ndefu isiichemshe. Kwenye nyingi za bei ya chini ni kipande cha alumini kisichounganishwa na kitu chochote ndani. Muulize muuzaji kinafanya kazi gani. Akikosa jibu, rudisha kifaa mezani.

Usitafute kilicho kigumu kuliko vyote. Hapa ndipo wengi wanapotea. Wachezaji wa magari madogo ya rimoti, yale ya kipimo cha 1 kwa 10 yanayoshindanishwa kwenye viwanja vya udongo Marekani, Ulaya na Japani, wamejifunza somo hili kwa mifuko yao. Bamba la kufungia shokapu wanaliweka la kaboni, kwa sababu pale wanataka kitu kisichoyumba. Lakini mikono ya chini inayobeba magurudumu wengi wao huiacha ya nailoni, ipinde ikigonga na irudi ilivyokuwa. Anayeamua kuweka vigumu kila mahali hupata gari la kupendeza linalovunjika kwingine: mkono ukikataa kupinda, kinachofuata ni pini, kishikilio cha mkono au sanduku la gia. Tena kaboni ikizidiwa haikupi onyo la kupinda kwanza kama chuma. Inapasuka hapohapo. Pikipiki yako haina kaboni, ila kanuni ni hiyohiyo, na tofauti ni kubwa: wao likivunjika huokota vipande, na wewe umebeba mtu.

Nunua jozi. Shokapu mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huupindisha mkono wa nyuma unaobeba gurudumu kila unapoingia shimoni. Sili za foku vilevile: ukibadilisha ya kulia, badilisha ya kushoto siku hiyohiyo.

Pima urefu kutoka tundu hadi tundu, kisha upana wa bushi. Shokapu ndefu kuliko ya kiwandani huinua nyuma, hubadilisha pembe ya usukani na kuuharibu mkao wa cheni. Fupi huiacha tairi ikwaruze matigadi mzigo ukiingia. "Inaingia tu" si kipimo.

Viringisha bomba la foku juu ya kioo cha meza kabla ya kulipa. Lililopinda litayumba, na mwanga utapenya chini yake. Pitisha ukucha kwenye kromi: ukikwama mahali, sili itachanika mahali hapo.

Chukua risiti. Spea nyingi zinazouzwa Arua zimepanda kutoka Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 450. Huwezi kurudisha kitu kwa maneno matupu.

KARAKANANI

Usikate springi. Springi iliyopunguzwa mizunguko inakuwa ngumu zaidi na safari yake inakuwa fupi. Umejipunguzia nafasi ya kupokea pigo, na pigo halikupungua.

Usiipashe springi moto. Chuma cha springi kimepewa unyumbufu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa karakana unauondoa. Itakaa vizuri wiki ya kwanza, kisha italala na haitainuka.

Usichomelee mwili wa shokapu, hata kwa nukta moja. Ndani mna oili, na kwenye baadhi mna gesi iliyoshindiliwa. Ukiipasha moto inaweza kulipuka usoni pa fundi. Tundu la kufungia likikatika, shokapu hiyo imekufa. Itupe.

Usibandike shokapu ya tatu na ya nne. Sababu zinazotolewa ni zilezile: mihogo ni mizito, mkaa ni mwingi, njia ni mbaya. Sikiliza kinachotokea. Springi zinapofungwa sambamba, ugumu wake unajumlishwa. Ukiwa umebeba magunia utahisi umeshinda. Ukiyashusha Koboko na kurudi mtupu, nyuma yote imekuwa ubao: tairi inaruka kwenye kila tuta, na ukikanyaga breki ikiwa hewani gurudumu linajifunga na mkia unateleza. Isitoshe, masikio ya kushikilia hizo shokapu za nyongeza yamechomelewa kwenye fremu na kwenye mkono wa nyuma. Kando ya weldi chuma kimebadilika, na ufa huanzia hapo, chini ya rangi, usipouona. Ukiona mstari mwembamba wa kutu kando ya weldi, hiyo si kutu ya mvua. Ni ufa. Pikipiki isitoke.

Usishindilie mpira, kamba ya tyubu wala kipande cha mti kati ya mizunguko ya springi. Mizunguko iliyozuiwa haifanyi kazi, na michache iliyobaki hubeba kazi ya yote mpaka mmojawapo ukatike.

Usimimine oili chafu ya injini kwenye foku. Ina unga wa chuma unaokwaruza bomba na bushi, na unene wake si ule uliopangwa. Oili ya foku hupita kwenye matundu madogo yaliyopimwa. Ikiwa nzito mno, foku inachelewa kurudi na shimo la pili linaikuta bado imezama. Ikiwa nyepesi mno, foku inadunda.

Weka oili ya unene ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na uipime kwa kikombe chenye mistari. Miguu yote miwili ipate kiasi kilekile. Macho si kipimo, na kifuniko cha chupa ya soda si kipimo.

Usipake grisi nje ya bomba la foku. Vumbi jekundu litanata, na kila foku inapozama sili itasagwa kama kwa msasa. Grisi ina mahali pake: bolti ya mkono wa nyuma, bushi zake, na koni za usukani. Fungua, safisha, paka, funga.

Kaza cheni ukiwa umezingatia mzigo. Mkono wa nyuma unapopanda, cheni inakazika, na inakazika zaidi pale ambapo sproketi ya mbele, bolti ya mkono wa nyuma na ekseli ya nyuma zimelala kwenye mstari mmoja. Cheni iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa juu ya stendi yaweza kuvuta kama waya ukishapakia. Hapo inazuia shokapu isifanye kazi na inaivuta beringi ya gia. Mkalishe mtu juu, kisha angalia kama bado inalegea.

KILA ASUBUHI, STEJINI

Kazi hii haichukui hata muda wa kunywa chai. Anayesema hana muda hana haki ya kupakia mtu.

Shika breki ya mbele, sukuma usukani chini kwa uzito wako, achia. Foku izame, irudi mara moja, itulie. Ikicheza mara mbili au tatu, oili imekwisha au imechoka. Fanya vivyo hivyo nyuma kwa kusukuma siti.

Pitisha kitambaa safi kwenye mabomba ya foku na fimbo za shokapu. Kikitoka na oili, kuna mvujo. Oili inayoshuka kutoka kwenye foku haina safari ndefu kufika kwenye breki ya mbele, na breki iliyolowa oili haisimamishi kitu.

Futa tope lililokauka kwa maji kabla foku haijazama hata mara moja. Ukiendesha likiwa bado limeganda, umelisukumia kwenye sili. Ikiwa pikipiki yako ina mipira ya kufunika foku, iinue uchungulie ndani. Mpira uliochanika hufuga tope badala ya kulizuia.

Inua gurudumu la mbele, lisukume mbele na nyuma. Ukisikia mgongano, koni zimelegea. Kisha shika la nyuma ulivute kulia na kushoto. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma zimelika.

Pima upepo tairi zikiwa baridi. Tairi ndiyo ya kwanza kukutana na jiwe, kabla ya springi yoyote. Anayeijaza ikawa ngumu ili "ibebe vizuri" amelihamisha pigo hata kabla ya kufika kwenye shokapu. Fuata namba za kiwandani, za mtu mmoja na za watu wawili.

UNAPOPAKIA

Jua pikipiki yako inazama kiasi gani. Iweke juu ya stendi ya katikati, nyuma iwe juu. Pima kutoka ekseli ya nyuma kwenda juu hadi alama utakayoiweka kando ya siti. Ishushe, panda na mzigo wako wa kawaida, mtu mwingine apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya safari yote ya gurudumu la nyuma. Ikiwa safari ni milimita 100, kuzama milimita 30 hadi 35 ni sawa. Ikizama 70, zimebaki 30 tu za kupokea mashimo yote ya njiani. Hizo hazitoshi. Punguza mzigo.

Usidanganywe na ngazi za springi. Shokapu nyingi za nyuma zina pete yenye ngazi inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Ukipanda ngazi, pikipiki inasimama juu zaidi mzigo ukiwepo, basi. Springi haikuwa na nguvu zaidi, wala fremu. Ngazi si ruhusa ya gunia la pili. Pande zote mbili ziwe kwenye ngazi moja, na zishushwe mzigo ukishuka.

Usiweke uzito nyuma ya ekseli. Mzigo uliopita ekseli hufanya kazi ya wenzo: unainua mbele, foku inakosa uzito, usukani unaelea. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ulale karibu na mgongo wako na chini iwezekanavyo, usikae ukingoni mwa keria. Ikiwa mifuko ni mitatu, hiyo ni kilo 150 kabla hujapanda wewe. Tafuta gari.

Gawanya jerikeni sawa. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Tatu kulia na moja kushoto ni kilo 40 za kuuvuta usukani upande mmoja njia nzima.

Pakia abiria mmoja. Sheria ya Uganda imesema hivyo, na hata isingesema, shokapu zimesema. Mtoto kati yako na mama yake ni mtu. Mtoto juu ya tangi ni mtu, na kifua chake ndicho kitakachofika kwanza kwenye usukani.

Usimbebe mgonjwa wala mjamzito kwenye shokapu iliyokufa. Vijijini kuzunguka Koboko, na kwenye makambi ya wakimbizi upande wa Yumbe, bodaboda mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa lililopo. Kwa hiyo kila kijiji kijue ni dereva gani ambaye foku yake haivuji. Ukiitwa usiku na unajua yako imeharibika, mpigie mwenzako. Huo ndio msaada.

BARABARANI

Usiitumie lami kama kipimo. Barabara ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92 kupitia Arua na Koboko, ni lami, na imewafundisha wengi kwamba pikipiki iliyokazwa inakimbia vizuri. Inakimbia vizuri pale tu. Nyumba ya abiria, shamba la mihogo na zahanati haviko juu ya lami. Tengeneza shokapu kwa ajili ya kilomita tatu za mwisho.

Funga breki kabla ya shimo, uiachie unapoliingia. Unapobana breki ya mbele, uzito unakuja mbele na foku inazama. Foku iliyokwisha kuzama haina nafasi ya kupokea pigo. Anayebana breki ndani ya shimo amelikabidhi shimo hilo kwa rimu na koni.

Simama kidogo kwenye vikanyagio mahali pabaya. Magoti yako ni shokapu pia. Ila mwambie abiria kwanza, ajishike.

Usiongeze mwendo ili "kuruka juu" ya matuta madogo ya mfululizo. Ni kweli kwamba kwa kasi yanatulia kidogo, kwa sababu tairi inagusa vilele tu. Maana yake ni kwamba sehemu ya muda huna tairi ardhini. Tena oili ya shokapu inachemka kwa kazi hiyo isiyokatika, inakuwa nyepesi, na uzuiaji unakufa bila kelele. Ukisikia nyuma imeanza kuelea, punguza mwendo, kisha simama ipoe.

Usikanyage maji usiyoyajua. Msimu wa mvua kila shimo lina kifuniko. Yakaribie polepole: mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu iliyomo ndani yake inaongezeka mara nne. Hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu abiria ana haraka.

KWA MWENYE PIKIPIKI

Usidai hesabu ya siku kwa pikipiki inayovuja. Dereva anayejua atadaiwa hata ikilala karakanani ataificha hitilafu, na wewe ndiye uliyemfundisha kuificha. Siku ya matengenezo haina hesabu. Kubalianeni hivyo siku ya kukabidhiana ufunguo, si siku ya ugomvi.

Weka daftari. Tarehe ya oili ya foku, tarehe ya sili, tarehe ya bushi, jina la fundi. Pikipiki isiyo na daftari inatengenezwa mara mbili kwa tatizo moja na haitengenezwi kabisa kwa lile la pili.

Usimlipe fundi kwa kuharakisha. Mlipe kwa kufungua, kusafisha na kupima. Fundi anayekuambia "hii haitengenezeki, nunua nyingine" amekuokoa. Anayekuambia "nitaichomelea tu" hajafikiria ni nani atakayekaa juu yake.

KWA ABIRIA

Itazame pikipiki kabla ya kumtazama dereva. Foku yenye oili inayong'aa hadi kwenye gurudumu, shokapu moja iliyolala kuliko ya pili, vyuma vya nyongeza vyenye weldi mbichi: ukiona kimojawapo, usipande. Stejini kuna wengine. Huna haja ya kueleza sababu, na dereva anayekasirika ameshakujibu.

SHARTI LA MWISHO

Sili ikivuja, shokapu ikidunda, bushi ikicheza au weldi ikionyesha ufa, pikipiki haibebi mtu mpaka itengenezwe. Haibebi hata mmoja mwembamba, hata "hapa karibu tu", hata kwa bei mara mbili. Asiyeweza kulishika sharti hili atafute kazi ambayo makosa yake yataishia kwake mwenyewe.